Maji kwa Mapigo: Pampu ya Al-Jazari

Kama umewahi kuteka maji kwa pampu ya mkono, basi unajua kuwa hayatoki mfululizo. Ukiukandamiza mkono chini, yanatoka, ukiuinua, yanakatika. Kwenye kisima cha madrasa yetu tulikuwa tukipokezana kupiga pampu kabla ya Adhuhuri ili wakubwa watawadhe. Aliyechoka akipunguza kasi, wazee walibaki na viganja wazi, wakingojea pigo linalofuata.

Nilipoingia chuo kikuu, mhadhiri mmoja alitupa historia ya pampu kwa dakika tano: Ugiriki, kisha mara moja Uingereza. Jioni hosteli ikachemka. Mwenzangu mmoja akaapa kwamba pampu ni yetu Waislamu na tumeibiwa. Nami nilikuwa upande wake, mpaka nilipokwenda maktaba. Kumbe mhadhiri aliruka mengi, na sisi tulijipa tusichokuwa nacho.

Pampu ya silinda na pistoni inahesabiwa kuwa ya Ctesibius, Mgiriki aliyeishi Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS). Silinda zake zilikaa ndani ya maji yenyewe. Warumi nao walizitumia pampu za namna hiyo kuzimia moto. Kwa hiyo hapo hatuna dai.

Sasa njoo Diyarbakir, ambayo leo iko Uturuki. Huko fundi mkuu wa watawala wa ukoo wa Artuqi, Ismail al-Jazari, alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, yaani 602 Hijria. Ndani yake mna saa, mabirika ya kutawadhia na mashine tano za kupandisha maji. Ya tano ndiyo yetu leo.

Hebu ifikirie. Mkondo wa mto unasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha gia. Juu ya uso wa gia kuna kijiti, lakini hakikuwekwa katikati; kiko pembeni. Gia ikizunguka, kijiti kinaisukuma fimbo huku na huku, na fimbo ina pistoni mbili, moja kila upande, ndani ya silinda za shaba zinazotazamana. Pistoni moja ikirudi nyuma, maji yanapanda kupitia bomba la kuvutia lililoshuka mtoni. Wakati huo huo mwenzake anayasukuma ya kwake juu. Vali zinafunguka na kujifunga zenyewe ili maji yasirudi. Pistoni zilizungushiwa katani zisivujishe.

Yaani mzunguko umegeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, maji yanavutwa kutoka chini ya silinda, na pigo moja linaziba pengo la jingine. Wazee wetu wa kisimani wangefurahi! Tena al-Jazari hakuficha ufundi. Alieleza vipande na namna ya kuviunganisha, akachora, ili fundi mwingine aweze kuunda. Kwangu mimi sifa hiyo inatosha. Hatuhitaji kumnyang'anya Mgiriki ya kwake.

Mwaka 1551 Taqi al-Din akaandika juu ya pampu ya silinda sita, zinazofanya kazi kwa zamu. Mapigo yakizidi kuwa mengi, mapengo yanapungua.

Viwanda bado vinahangaika na jambo hilo hilo. Pampu zinazosukuma matope mazito katika uchimbaji wa visima vya mafuta kwa kawaida zina pistoni tatu. Pampu ndogo za kupimia dawa, kama klorini ya kusafisha maji, nazo hupiga kidogo kidogo, na hapo pigo ni faida kwa sababu kila moja lina kipimo chake. Lakini kwenye bomba kubwa mapigo hutikisa na kuvunja maungio. Ndiyo maana hufungwa chombo chenye gesi ya naitrojeni: pigo likija gesi inabanwa, likipita inatanuka na kuyasukuma maji yaendelee.

Ile ya madrasa yetu ilikuwa Afridev, aina iliyobuniwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Malawi na hapa kwetu Kwale. Ilikusudiwa wanakijiji waitengeneze wenyewe, kwa hiyo pistoni hutolewa kwa juu bila kung'oa bomba zima. Siku moja ilifunguliwa mbele yetu. Kilichokuwa kimeharibika ni kipande cha mpira cha duara, kidogo kuliko bangili.