059: swichibodi, leseni na radi

Leo naweka programu pembeni kidogo, tuongee historia.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga swichibodi ya Asterisk katika duka la pembejeo mjini Homa Bay, ili liongee na tawi lake la Migori. Simu za mezani za miji yote miwili huanza na 059. Nilijiona bingwa kweli. Programu ni ya bure, kompyuta ni kuukuu, leseni ya nini tena? Msimu wa mvua ukaingia, radi ikapita kwenye waya wa simu, ikaunguza kadi na kompyuta yenyewe. Sikuwa nimefunga waya wa kupeleka umeme ardhini. Mwenye duka akaniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, hivi una karatasi ya kazi hii?"

Sikuwa nayo. Nikaona aibu, nikaanza kusoma.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu za Kenya zikawa mikononi mwa shirika moja, KPTC. Laini ilikuwa yao, na sheria ilikuwa yao. Yaani mchezaji ndiye refa! Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ikatenganisha mambo hayo. Mwaka 1999 zikazaliwa Telkom Kenya, Posta, na tume ya usimamizi, CCK. Mwaka huohuo, kule Marekani, Mark Spencer alianza kuandika Asterisk. Telkom ilibaki na ukiritimba wa simu za mezani hadi 2004.

Ni rahisi kudhani kwamba leseni ya fundi ni masalia ya ukiritimba huo. Nami nilidhani hivyo. Lakini tazama waya wenyewe: laini ya simu hubeba volti 48 hivi, na simu inapolia hupanda hadi karibu 90. Kifaa kibovu kikirudisha umeme wa ukutani kwenye laini, anayepigwa shoti ni fundi aliye juu ya nguzo. Hapo ukiritimba hauhusiki, ni uhai wa mtu.

Ndiyo maana ukiritimba ulikufa, ila kanuni zikabaki. CCK ikawa Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2014, na bado inatoa leseni kwa wakandarasi wa mawasiliano na kukagua vifaa kabla havijaidhinishwa kutumika. Tena limeongezeka jingine: ukirekodi simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Mwishowe nilimtafuta mkandarasi mwenye leseni. Yeye akafunga nyaya na kinga ya radi, mimi nikabaki na programu. Faida yangu ilipungua, lakini mvua zikaja, zikapita, na simu ya Migori ikaendelea kulia.

Ukiitiwa kazi kama hii, uliza karatasi kwanza. Mimi niliulizwa baada ya moshi.