Fedha za Umma na Sura za Bandia
Mwaka 1983, Peter Jackson, mfanyakazi wa gazeti mjini Wellington, New Zealand, alianza kutengeneza filamu ya Bad Taste na marafiki zake, mwishoni mwa wiki. Viumbe kutoka anga za mbali wanavamia kijiji ili wageuze binadamu kitoweo. Sura zao za bandia ziliokwa katika jiko la mama yake. Kichekesho cha damu namna hiyo, nani angekiita utamaduni wa taifa? Hata hivyo Tume ya Filamu, chombo cha serikali, ilitoa fedha za kuikamilisha, ikatoka 1987. Mwaka 2004, The Return of the King ya Jackson huyohuyo ilitwaa tuzo 11 za Oscar. Naliona funzo moja: serikali haiumbi kipaji, lakini yaweza kukishika mkono kabla hakijapata heshima.