Bi Salme: Kutoka Mtoni Hadi Hamburg



Kila msimu wa harusi ukimalizika, wapo mabiharusi wanaobaki na wapo wanaofunga mabegi kuwafuata waume zao Maskati, London au Toronto. Baada ya miezi michache simu zinaanza: huku kuna hiki, kwetu kuna kile. Mazungumzo haya ni ya zamani hapa Unguja. Mwanamke wa mwanzo wa kisiwa chetu tunayemjua aliyeyatia kitabuni ni Sayyida Salme binti Said, na kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Wengi wetu jina lake tunalijua kwa ule mkasa wa kuolewa na Mjerumani, basi. Leo tuuweke mkasa pembeni kidogo tumsikilize anavyolinganisha.

Alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, Msarkasi aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo. Mtoni aliyoikumbuka Bi Salme ni nyumba iliyojaa watu: ndugu, masuria, watumishi, wageni, lugha nyingi chini ya paa moja. Mbele ya baba kilisemwa Kiarabu, na akigeuka mgongo kila mtu na lugha yake, Kiswahili kikiwamo. Uwanjani walizurura tausi, paa na mbuni. Siku ilipimwa kwa sala tano. Ukitaka kuonana na mtu ulisema baada ya alasiri au baada ya magharibi, na kila mtu alielewa.

Watoto wa kike walisomeshwa kusoma Qur'ani wakiwa wamekaa mkekani, lakini kuandika hawakufunzwa. Bi Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Tunapenda kuwakumbusha hilo wanaodhani elimu ya mwanamke imeletwa na meli za Wazungu.

Lakini tusiipake Mtoni asali. Raha ile ilibebwa na watumwa. Maji ya hamamu, chakula, vitanda, mashamba ya karafuu, yote yalikwenda kwa mikono ya watu walionunuliwa. Bi Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa, akisema mtumwa wa Mwarabu hakuwa na shida kama Ulaya walivyofikiri. Hapo hatumfuati. Binti wa kasri hakuona usiku wa mpagazi, na wengi wetu tunaosoma habari hizi leo tuna bibi waliokuwa upande ule wa pili.

Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wakati wanawake wanapoteremka pwani kukoga baharini, Bi Salme alipanda meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer, akaondoka. Alikuwa na uhusiano na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekaa jirani naye Mji Mkongwe, na alikuwa na mimba yake. Hatuko hapa kumhukumu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa. Hapakuwa na somo wa kumsinga wala ndugu wa kupokea mahari. Kitoto kile kilifariki njiani, kabla hawajafika Hamburg.

Mtu huyu huyu katika kitabu chake ameandika sura nzima juu ya uchumba na ndoa za Waarabu wa Unguja: jinsi mwari anavyofichwa chumba cha giza siku za mwisho, bila mapambo, ili atoke amependeza zaidi siku yake. Sura hiyo ukiisoma ukijua alivyoolewa yeye, ni nzito.

Hamburg ilimpa mengi ya kulinganisha. Kwanza baridi. Wenyeji walimuuliza mara kwa mara: hivi nyie wanawake wa Mashariki mnawezaje kuishi bila kufanya kazi? Jawabu lake linachekesha na lina akili. Anasema kazi nyingi za mama wa Kijerumani zinatokana na hali ya hewa tu: kushona soksi zilizotoboka, kutengeneza glavu, kuandaa nguo za majira ya baridi za watoto. Asiyevaa soksi hana soksi ya kushona. Kwa maoni yake si uvivu wa mtu wa kusini, ni kwamba Mwenyezi Mungu amempunguzia mahitaji. (Dada zetu mlioko Toronto mtamuelewa vizuri mkianza kuvisha watoto makoti asubuhi.)

Skuli za Ulaya hazikumridhisha pia. Aliona watoto wanarundikwa madarasani, wanajazwa masomo mpaka macho yanachoka, na muda wa kukaa na wazee wao haupo. Alitaka elimu, lakini haraka ya kule ilimtia wasiwasi.

Pale anapoandika kwa hasira hasa ni juu ya heshima ya mwanamke. Ulaya walikwisha amua kwamba mwanamke wa Kiislamu ni mfungwa asiye na haki. Bi Salme akawajibu kuwa hawajui wanachosema. Kufungua mlango na kubusu mkono wa bibi, anasema, hakuthibitishi kitu, na ndoa zenye machozi alizikuta huko huko. Akawapa mfano wa bibi yao Moza binti Ahmad, aliyeshika madaraka Oman mwanzoni mwa karne ya 19 mpaka wapwa zake walipokua, na usiku akijigeuza mwanamume kwenda kukagua walinzi.

Kubwa kuliko yote ni mali. Baba yake alipofariki 1856, Salme alikuwa na miaka 12 tu, na akapokea fungu lake la urithi: shamba lenye nyumba, na fedha. Lilikuwa lake, halikuwa la kaka wala la mume atakayekuja. Mwaka wa 1870 Ruete alipata ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi akafariki, akamwachia watoto watatu, mkubwa hajatimiza miaka mitatu na mdogo bado mchanga. Hapo ndipo alipoijua sheria ya Hamburg. Watoto wakawekewa wasimamizi wanaume, na mali ya mumewe hakuweza kuidai kama alivyotarajia. Binti wa Sultan akahama Hamburg, akazunguka miji, na Berlin akafundisha Kiarabu ili watoto wale.

Ugumu ni kwamba mlango wa nyumbani nao ulikuwa umefungwa. Mwaka ule ule wa 1870 kaka yake Sayyid Barghash alikalia kiti, na akakataa kumpa urithi mwingine aliodai, kwa kuwa ameacha dini. Dada wanaosoma fiqhi wanajua kanuni hiyo: tofauti ya dini huzuia kurithiana. Basi mwanamke aliyeisifu sheria ya Kiislamu kwa kumlinda mali yake akawa nje ya ulinzi huo, na sheria aliyoingia nayo haikumtambua. Wanasiasa nao wakamtumia. Waingereza walimzuia asionane na Barghash alipozuru London 1875. Bismarck akamrejesha Unguja 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, kwa sababu dai lake lilimfaa kuisukuma serikali ya Zanzibar.

Safari hiyo Barghash hakumpokea. Mitaani, lakini, aliandika kuwa watu walimsalimia kwa furaha na kumfuata. Alijaribu tena 1888, akarudi mikono mitupu. Baadaye akaishi Jaffa, halafu Beirut kwa zaidi ya miaka ishirini, mahali ambapo angalau aliisikia adhana. Alifariki Jena, Ujerumani, Februari 1924, na kaburi lake liko Hamburg. Alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Mabiharusi wanaotuuliza wabebe nini mara nyingi wanataka orodha ya udi, vitenge na viungo. Bebeni. Lakini ulizeni pia, kabla ya siku ya nikaha na si baada yake: mahari yataandikwa wapi, hati ya ndoa itatambuliwa na serikali ya nchi mnayokwenda au itabaki karatasi ya kwetu tu, na mume akifariki huko nani atakuwa na neno juu ya watoto. Kadhi ataeleza upande wa dini. Upande wa nchi ya ugeni mtafuteni mwanasheria wa huko huko, hata kwa simu.

Na magofu ya Mtoni bado yapo, njia ya Bububu, karibu na bahari. Nendeni na mabinti zenu, asubuhi kabla jua halijakaza.