Marathoni ya Muvi za Kutisha za Uingereza: Hizi 7 Zinatosha Wikendi Moja

Ukisema marathoni huku Bonde la Ufa, kila mtu anafikiria miguu. Hii ni ya macho. Muvi 7, kama masaa 11, kutoka Ijumaa usiku hadi Jumapili usiku. Unahitaji laptopu, bando, chupa ya chai na blanketi, juu baridi ya Kiamunyi haibembelezi mtu.

Kwa nini Uingereza? Juu kuanzia 1957 kampuni moja ndogo, Hammer, ilianza kutoa muvi za kutisha zenye damu ya rangi, nyingi zikishutiwa Bray kando ya Mto Thames, na dunia yote ikaiga. Lakini kuna sababu ingine inatuhusu sisi. Hizi muvi zilianza kutoka wakati hao wasee walikuwa bado wanatutawala. Ukizicheki ukikumbuka hiyo, utaona kitu hawakupanga uone: ni nani waliogopa, na ni nani alifaa kuwaogopa wao.

KABLA UANZE

Danlodi mapema. Stima ikipotea katikati ya muvi ya mapepo, hiyo si mchezo tena.

Fuata mpangilio wa miaka, usiruke kwenda kwa ile inasifiwa sana.

Weka simu mbali. Kama umezoea DJ Afro akikueleza kila ngumi, hapa hakuna wa kukueleza. Dakika 20 za kwanza mara nyingi hakuna kitu inatendeka. Kaa hapo tu.

Na kama unataka kuongezewa uoga bure, fungua dirisha. Menengai haiko mbali, na ukikua huku umesikia venye Wakikuyu huiita: Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani.

IJUMAA USIKU

1. Night of the Demon (1957). Daktari Mmarekani anafika London akiwa haamini uchawi. Mzee mmoja mpole anampea karatasi kisiri, imeandikwa herufi za kale. Usipomrudishia, na yeye akubali kuipokea, unakufa siku ameshapanga. Ni kama zile meseji za "tuma kwa watu kumi ama upate balaa", ila hii inafanya kazi. Haina rangi na haiboi hata kidogo.

2. Dracula (1958). Dakika 82 tu. Christopher Lee ndio Dracula, Peter Cushing ndio anamwinda. Unawajua hawa: Lee ni yule Saruman wa Lord of the Rings, Cushing alikuwa kwa Star Wars ya 1977. Angalia venye Lee anaongea mwanzoni tu, halafu ananyamaza hadi mwisho. Ni macho na mwili vinafanya kazi yote.

Sasa simama hapo kidogo. 1958 Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari, iliyoanza 1952 na kuisha 1960. Waingereza wakilipia tiketi waogopeshwe na mnyonya damu wa kubuni, huku Afrika Mashariki watu walikuwa na wao tayari. Waliitwa wazimamoto. Kutoka Nairobi hadi Kampala, watu walisimuliana miaka mingi kwamba watu wa serikali ya mkoloni wanakamata Mwafrika usiku, wanamweka kwa gari na kumtoa damu. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hizi hadithi kwa kitabu chake cha mwaka 2000. Hakuna aliyethibitisha damu ilitolewa. Lakini hebu fikiria: mtu anachukua shamba lako, anakutoza kodi, anakufanyisha kazi. Ungemwita nani?

Shosho yako akiwa hai, muulize kuhusu wazimamoto. Anaweza kukupea muvi ya nane bila bando.

JUMAMOSI

Hii ndio siku ya kazi. Anza saa kumi jioni.

3. The Innocents (1961). Mwalimu wa nyumbani anaajiriwa kulea watoto wawili kwa jumba kubwa mashambani. Anaanza kuona watu ambao walikufa. Ama anachizi? Muvi haikuambii. Ongeza sauti, juu nusu ya uoga iko kwa masikio.

4. The Plague of the Zombies (1966). Hii ilitoka miaka miwili kabla ya Night of the Living Dead ya Marekani. Tajiri wa kijiji amejifunza uchawi Haiti, anafufua wafu wa kijiji chake. Zombi wake hawali ubongo. Wanachimba madini yake bure. Ukitoka Nakuru, penye mababu wengi walikuwa maskwota kwa mashamba ya walowezi, hiyo hadithi utaielewa haraka kuliko Mwingereza.

5 na 6. The Wicker Man na Don't Look Now (zote 1973). Zicheki zikifuatana, juu Uingereza zilionyeshwa hivyo, tiketi moja. Ya kwanza: polisi mlokole anaenda kisiwani kutafuta msichana amepotea. Anauliza kila mtu, na wote wanacheka wakisema hawamjui. Hakuna giza, hakuna mapepo, ni nyimbo na jua. Ndio maana inakaa kichwani. Christopher Lee ako ndani tena, na hii aliifanya bila malipo. Ya pili: mzee na bibi yake wamepoteza mtoto, wanaenda Venice, na mzee anaanza kuona mtu mdogo wa koti jekundu. Kama nyumbani kwenu kuna msiba wa mtoto, ruka hii. Siyo uoga, ni uchungu.

JUMAPILI USIKU

7. His House (2020). Peke yake, usiichanganye na ingine. Iko Netflix, dakika 93, imeongozwa na Remi Weekes. Rial anachezwa na Wunmi Mosaku, yule Annie wa Sinners. Yeye na mzee wake Bol wametoroka vita Sudan Kusini. Serikali ya Uingereza inawapea nyumba, na masharti: hamruhusiwi kufanya kazi, hamruhusiwi kuhama. Halafu kitu kinaanza kutembea ndani ya kuta.

Hapa ndio utajua kwa nini nilikuambia ufuate miaka. Muvi sita umeogopa ukiwa upande wa mwenye nyumba. Hii ya saba unaogopa ukiwa mgeni, na mgeni anaongea Kidinka. Pepo lenyewe, apeth, hawakulipata Uingereza. Walikuja nalo, juu kuna kitu walifanya safarini na hawataki kukisema.

Niwe mkweli. Nilicheki hii nikiwa nimeacha chuo, fee imekataa, na nilikuwa nimerudi kwa mathe mwezi mzima nikimdanganya ni likizo ndefu. Kila akiuliza "mnafungua lini?" nilikuwa naingia chumbani. Nilipofika mahali Bol anabandua ukuta kutafuta kinachomsumbua, nilizima laptopu nikakaa tu. Asubuhi nilimwambia. Alinyamaza, akaniambia chai iko kwa chupa. Hiyo muvi nilikuja kuimaliza wiki ingine.

KITU YA MWISHO

Hizi si za watoto. The Wicker Man na Don't Look Now ziko na uchi, na hazikupei onyo. Kama mathe yuko sebuleni, hizo mbili zicheki chumbani na ufunge mlango. Ukisikia mtu anabisha, pengine ni yeye.