Kutoka Barabara za Magari hadi Mstari wa Kuanzia: Historia Fupi ya Uigaji wa Msongamano katika Mbio za Watu Wengi

Marathoni ya New York ilianza mwaka 1970 ikiwa na wakimbiaji 127. Marathoni ya Boston ya mwaka 1996, iliyokuwa ya 100, iliandikisha zaidi ya 38,000, ilhali mstari wa kuanzia ulibaki kwenye barabara nyembamba ya mji mdogo wa Hopkinton. Sehemu hii inajenga hoja kwamba uigaji wa kompyuta ulifaa kudhibiti msongamano wa aina hiyo pale tu nadharia ilipokutana na takwimu za kila mkimbiaji.

Nadharia ilitangulia, nayo haikutokana na michezo. Mwaka 1955, Waingereza James Lighthill na Gerald Whitham walieleza mwendo wa magari kama mtiririko: kila kipande cha barabara kina kikomo cha magari kinachoweza kupitisha, na kikomo hicho kikizidiwa, msongamano husambaa kuelekea nyuma. Kanuni hiyo inawahusu wakimbiaji pia wafikapo penye njia finyu.

Takwimu zilikuja na chipu ya kiatuni, ambayo Boston iliitumia mwaka huohuo wa 1996. Kwa kuwa chipu huweza kumpimia mkimbiaji muda tangu avuke mstari, kuanza kwa makundi hakukumpunja tena aliye nyuma. Mwaka 2006 Boston iliwagawa washiriki katika makundi mawili. Baadaye Martin Treiber, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden, aliunganisha nyuzi hizo mbili katika uigaji wa mbio za Rennsteig, Ujerumani. Idadi ya makundi na dakika za kuyatenganisha ziliweza kujaribiwa kabla ya siku ya mbio.

Hata hivyo, upangaji wa mwanzo pekee hautoshi. Mwaka 2007, joto kali lililazimu marathoni ya Chicago isimamishwe ikiwa inaendelea, maelfu ya watu wakiwa bado njiani. Katika miaka iliyofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walishirikiana na waandaaji wake kuunda uigaji unaokadiria idadi ya wakimbiaji katika kila sehemu ya njia. Hivyo swali lilipanuka: pamoja na namna ya kuwaanzisha watu, ilibidi kujua walipo ili huduma iwafikie. Uamuzi wa kusimamisha mbio, hata hivyo, ulibaki mikononi mwa binadamu.