Akiba ya Kaya katika Ugogo wa Zamani

Liko neno linalosemwa mara kwa mara juu ya watu wa Ugogo, na husemwa hata na wenye elimu, ya kwamba Mgogo amezoea njaa kwa kuwa hajui kuweka akiba. Neno hili twalikataa. Hatulikatai kwa upendeleo wa mtu kwao, bali kwa sababu historia yenyewe yalikanusha.

Nchi ya Dodoma hupata mvua kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena hainyeshi kwa usawa: shamba la huku hulowa, na la ng'ambo ya korongo likabaki vumbi. Pamoja na hayo, katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilikuwa haina budi kupita Ugogo, ikatoa hongo kwa watemi, na ikanunua maji na nafaka kabla ya kuingia katika pori la Mgunda Mkali. Burton alipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Basi tujiulize: watu wasiojua akiba waliwezaje kuwauzia chakula mamia ya wapagazi wa watu wengine?

Jibu lilikuwa ndani ya tembe. Nyumba hii, ambayo vijana wa leo huiona kuwa alama ya unyonge, ilijengwa kwa miti na udongo, paa lake likiwa bapa na limefunikwa kwa udongo vilevile, ikazunguka ua wa ng'ombe pande zote. Wengi hueleza kuwa ilijengwa hivyo kwa kujihami na wavamizi wa mifugo, na hilo ni kweli. Lakini tembe lilikuwa pia ghala. Juu ya paa ndipo palipoanikwa mtama, uwele na mboga. Ndani, katika giza na ukavu, vilisimama vilindo, yaani mapipa ya magome ya miti au ya fito zilizosukwa, ambamo nafaka ilihifadhiwa. Mama wa nyumba ndiye aliyejua kilindo kipi kimebaki nusu na kipi hakijafunguliwa. Mlenda ulichumwa wakati wa masika, ukakaushwa, ukawekwa; ukasaidia kuuteremsha ugali katika miezi ambayo hakuna jani bichi lolote. Ubuyu ulikuwapo porini kwa wote. Na uwele, ambao wageni waliuona kuwa chakula duni mbele ya mahindi, ulichaguliwa kwa sababu huvumilia jua ambalo mahindi hayalivumilii.

Akiba ya pili ilikuwa na miguu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote katika ua mmoja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, wawatunze na wanywe maziwa yake, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, mbegu ya mifugo ibaki kule. Mwaka wa njaa mzee alitoa fahali, akaenda kuhemea kwa watu wa nchi zenye mvua zaidi, kama vile milima ya Ukaguru, akarudi na mizigo ya nafaka. Kuhemea hakukuwa kuomba. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu maneno haya mawili yamechanganywa mno, na aliyeyachanganya hakupata kumwona mtu akitembea siku kadhaa na mnyama wake ili watoto wasilale na njaa.

Utaratibu huo ulitikiswa na sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilipoua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki nzima. Hata hivyo kaya zilijikusanya tena, zikafuga. Lililozivunja ni vita vya watu wengine.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika bara, majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Waingereza, yakiwa na askari wa Afrika Kusini, yaliuteka mji wa Dodoma. Nayo yakataka chakula na wapagazi vilevile. Hivyo kaya moja ilikamuliwa na watawala wawili. Mvua zilipokosekana, vilindo vilikuwa vitupu, ng'ombe wa kubadilisha hawakuwapo, na mikono ya kulima ilikuwa imepotelea katika safari za kijeshi. Juu ya hayo yakaja mafua yaliyoizunguka dunia mwaka 1918. Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya, jina linalofasiriwa kuwa kinyang'anyiro. Inakadiriwa kuwa wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, ilipoteza watu 30,000. Wako wazazi waliowatoa watoto wao kwa watu wenye chakula, ili angalau mtoto aishi.

Mathias Mnyampala, malenga aliyeandika historia na desturi za Wagogo na kuichapisha mwaka 1954, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, katikati ya dhiki hiyo. Yafaa mwalimu afundishaye mashairi yake awaambie wanafunzi jambo hili.

Baada ya Uhuru, Serikali ilichukua sehemu ya mzigo huu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilizikusanya kaya zilizotawanyika ili zifikiwe na shule, zahanati na maji, na ukame wa miaka iliyofuata ukalifundisha Taifa kuwa na ghala lake. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, una maghala hapahapa Dodoma, Kizota. Hatuna ugomvi na ghala hilo. Laiti lingalikuwapo mwaka 1918. Lakini ghala la Taifa hufunguliwa kwa barua na taarifa, na barua hupita meza nyingi, jambo ambalo sisi tuliotumikia ofisi twalijua vizuri. Kilindo kilifunguliwa na mama jioni ileile.

Siku hizi nyumba nyingi ni za bati, na si vibaya, kwani bati halivuji kama udongo. Ila fundi anapochora nyumba huweka sebule na vyumba vya kulala, asiweke mahali pa nafaka. Mavuno yakitoka, magunia huuzwa palepale shambani kwa bei ya chini ili kulipa madeni, na kufikia Januari au Februari mwenye shamba huyanunua tena dukani kwa bei ya juu. Wanafunzi wakitaka kulipima jambo hili, na waanze nyumbani kwao: wahesabu debe zilizopo mwezi wa Novemba, kisha wamwulize bibi yao ni ngapi zilizokuwapo alipoolewa.