AHADI NI DENI, HATA KWENYE GEMU

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliokulia mjini tuliijulia gemu kwenye banda la mtaani. Unalipa, unashika padi, muda ukiisha unasukumwa pembeni. Mashine yenyewe ilikuwa PlayStation. Ya Sega mimi sikuiona hata siku moja. Nilipokuja kusoma kwamba Sega iliwahi kuitoa jasho Nintendo kule Marekani, nikajiuliza: jitu kubwa namna hiyo liliangukaje?

Watu husema ilishindwa na mashine bora. Mimi naona yaliyoiponza zaidi ni maneno yake yenyewe. Na haikuwa ya kwanza.

Mwaka 1988 Nintendo ilipatana na Sony, Wajapani wenzao, watengeneze mashine ya Super Nintendo yenye kusoma sidii. Juni 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony ikaitangaza kwa furaha. Kesho yake tu, Nintendo ikatangaza palepale kwamba itashirikiana na Philips ya Uholanzi! Sababu ilikuwepo: mkataba ule ungeipa Sony mamlaka makubwa mno juu ya michezo ya sidii. Lakini kumwaibisha mwenzio hadharani ni jambo jingine. Pale Sony palikuwa na fundi, Ken Kutaragi, ndiye aliyebuni chombo cha sauti cha Super Nintendo. Hakukubali kazi yake itupwe, na mkubwa wake, Norio Ohga, akamuunga mkono. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikaanza kuuzwa Japani. Nintendo ilikuwa imejizalia mshindani.

Hebu sasa tuigeukie Sega. Wakati huo ilikuwa inatamba. Mkuu wake wa Marekani, Tom Kalinske, alikuwa ameshusha bei ya Genesis na kumtia Sonic ndani ya boksi lilelile. Lakini Novemba 1994 Sega ikawauzia Wamarekani 32X, kifaa cha kupachika juu ya Genesis, dola 159. Mwezi huohuo, Japani, ikatoa Saturn, mashine mpya kabisa. Aliyenunua 32X akajiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kosa lenyewe likafuata. Wamarekani waliahidiwa Saturn tarehe 2 Septemba 1995. Tarehe 11 Mei, kwenye maonyesho ya E3 huko Los Angeles, Kalinske akapanda jukwaani kwa amri ya wakubwa wa Japani na kusema Saturn iko madukani tayari, dola 399. Ati waiwahi PlayStation! Mzigo ulikuwa haba, wakapewa wenye maduka wanne tu. Waliobaki walipata habari siku ileile, kama wapita njia. KB Toys ikakasirika, ikakataa kuuza bidhaa za Sega. Watengenezaji wa michezo waliojipanga kwa Septemba wakakutwa na kazi nusu. Mnunuzi anafika dukani, mashine ipo, michezo ya kuhesabu kwa vidole.

Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akaitwa jukwaani. Hakuhutubia. Alitaja bei tu: 299. Akashuka. Dola mia moja pungufu, na hakuna muuza duka aliyekanyagwa.

Mwaka 1999 Sega ilirudi Marekani na Dreamcast, mashine nzuri kwa dola 199. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kampuni kubwa ya Electronic Arts haikuitengenezea mchezo hata mmoja, na wanunuzi wengi wakaona heri wasubiri PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 ikiwa na uwezo wa kuonyesha filamu za dividii. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kutengeneza mashine.

Mkuu wake, mzee Isao Okawa, alikuwa mgonjwa. Kabla ya kufariki Machi 2001 aliisamehe kampuni deni alilokuwa akiidai, akaiachia na hisa zake zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola ili isife. Sega ikapona, ikabaki kuunda michezo. Mwisho wa mwaka huohuo Sonic akaonekana kwenye mashine za Nintendo, hasimu wake wa zamani.

Msomaji, mashine ikiharibika hurekebishwa. Neno ulilompa mtu halina fundi. Deni la Sega lililipwa na mzee aliyekuwa anakufa. Wewe na mimi atatulipia nani?